Jogoo Aliwika Miaka 39, Akapigwa Mara Moja Akanyamaza: Chama Kikishindwa Kura Huenda Wapi?

Kama umewahi kupiga picha pale KICC na mabeshte, mkitafuta ile pembe ya kutoa mjengo wote, basi ulikuwa umesimama nje ya ofisi ya zamani ya chama. Ndio, chama. Hadi mwanzo wa 2003 ule mnara ulikuwa makao makuu ya KANU. Kisha serikali ya NARC ikaingia, ikasema huu mjengo ni wa wananchi, na jogoo akatolewa nje na vitu vyake kama mpangaji mwenye deni la miezi sita.

Wiki chache tu kabla ya hapo, KANU ndiyo ilikuwa gava. Ilikuwa imeshika nchi tangu 1963. Leo ukiuliza kijana wa Umoja au Kayole kadi ya KANU inakaa aje, atakuangalia kama umemwitisha kaseti.

Hii stori naibonga sasa kwa sababu 2027 imebisha hodi, na kila base nayopita naskia swali moja: chama fulani kitadedi ama kitapona? Watu wanauliza kuhusu Jubilee, wanauliza kuhusu ODM bila Baba, wengine wanauliza hata kuhusu UDA. Na kila mtu ana jibu lake la haraka. Lakini ukitaka kujua rada ya chama kinavyofufuka, anza na kile kilichoshindwa kufufuka kikiwa na kila kitu.

KANU haikukufa 2002

Hapa ndio wengi hukosea. Tunaambiwa jogoo alichinjwa Desemba 2002, Kibaki alipomchapa Uhuru. Zii. Alichapwa vibaya, hiyo ni kweli: Kibaki alikuwa na karibu asilimia 62, Uhuru kama 31. Lakini angalia bunge. Kati ya viti 210 vya kuchaguliwa, NARC ilikuwa na 125 na KANU ilikuwa na 64. Sitini na nne! Kuna vyama hapa Kenya vingeuza mpaka viti vya ofisi kupata hiyo namba. Halafu mgombea wao alikuwa na miaka 41, alikubali kushindwa bila vurugu, na akawa kiongozi rasmi wa upinzani.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 2005, hiyo KANU iliyopigwa ilisimama na kina Raila upande wa chungwa kwenye kura ya maamuzi, wakaangusha rasimu ya katiba ya serikali. Yaani chama kilichofukuzwa KICC kilikuwa kimeshiriki kumchapa aliyekifukuza. Kama kuna siku jogoo angewika tena, ilikuwa hiyo.

Sasa kwa nini haikuwezekana?

Uliza mzee yeyote aliyekuwa akipanda matatu miaka ya 80. Atakuambia kuhusu vijana wa KANU waliosimama stejini na sokoni wakiitisha kadi ya chama. Huna kadi, huingii. Ilikuwa kama nauli ya pili. Mwaka wa 1982 katiba ilibadilishwa, KANU ikawa chama pekee halali, na kutoka hapo kuwa mwanachama hakukuwa uamuzi wa mtu. Mwaka wa 1988 ndio wakaleta mlolongo: hakuna kura ya siri kwa mchujo, unapanga laini nyuma ya mgombea wako, chifu anakuona, jirani anakuona, na mwenye kupita asilimia 70 kwa mchujo anaingia bunge bila hata kupingwa. Kuna watu walishinda na laini fupi. Hiyo hadithi wazee wanaijua vizuri kuliko mimi.

Chama cha namna hiyo hakijui ni nani anakipenda na ni nani anakiogopa. Kwa miaka yote hiyo hakikuhitaji kujua. Kazi ya kupanga mikutano ilikuwa ya DC, chifu alikuwa kama afisa wa tawi, na harambee zilijazwa na pesa ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Siku gava ilipohama, DC alihama nayo, chifu naye, na doh pia. Kilichobaki ni rangi kwenye ukuta na wabunge 64 ambao kila mmoja alikuwa anapiga hesabu zake.

Na hesabu za wabunge ni noma. Kwanza kulikuwa na vita vya nani mwenye chama. Uhuru alimshinda Nicholas Biwott kwa uenyekiti 2005, lakini Biwott hakuenda nyumbani. Kufikia 2006 kulikuwa na KANU mbili, moja ya Uhuru na moja ya Biwott, zinang'ang'ania jogoo mmoja mpaka kotini. Kila mwezi mnaotumia kwa wakili ni mwezi ambao hakuna mtu amefungua ofisi ya tawi Garissa au Kakamega.

Kisha 2007 ikafika ile kitu ambayo mimi naona ndiyo ilimaliza jogoo kabisa. Kiongozi rasmi wa upinzani alitangaza kwamba hatasimama, anamuunga mkono rais aliyepo. Fikiria uko pale Eldama Ravine au Wajir, umebaki na KANU miaka mitano ya njaa, unatukanwa na majirani, unangoja siku ya kulipiza. Halafu mkubwa wako anakuambia kura ni ya Kibaki, yule yule. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Wengi walifanya hivyo. Viti vya KANU havikufika hata 20 mwaka huo. Kwa Rift Valley nzima watu walikuwa wameshahamia chungwa wakiongozwa na jamaa anaitwa William Ruto, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa katibu mkuu wa hiyo hiyo KANU.

Uhuru mwenyewe alihepa 2012, akaenda TNA, na 2013 akawa rais. KANU ikabaki kwa Gideon Moi kama shamba la urithi.

Soma hiyo aya tena polepole. Mtu aliyeshindwa 2002 alijijenga upya mpaka Ikulu. Chama alichoshindwa nacho hakikujengwa.

Chama ni mathree

Kenya tunapanda chama kama mathree. Ikifika steji unashuka, na makanga hakuulizi unaenda wapi. Mchukue Musalia Mudavadi. Mwaka wa 2002 wenzake kina Raila, Kalonzo na Saitoti walipotoka KANU wakilalamika Moi amewachagulia mgombea, Mudavadi alibaki mwishowe, akapewa umakamu wa rais. Alikaa kwa hicho kiti kama miezi miwili. Kura zilipopigwa, watu wa Sabatia walimnyima hata ubunge. Huo ndio ujira alioupata kwa kubaki. Tangu hapo amepita ODM, akapita UDF, akaanzisha ANC, na 2025 ANC ikamezwa na UDA. Siwezi kumlaumu sana. Alijaribu uaminifu mara moja, ukamramba.

Na si yeye tu. Kuna kitu nimekigundua nikipanga hizi tarehe: tangu Moi atoke, hakuna rais wa Kenya ameshinda muhula wa pili na chama kilekile kilichompa wa kwanza. Kibaki aliingia na NARC 2002, lakini 2007 akatumia PNU, chama kilichoundwa miezi michache kabla ya kura. Uhuru aliingia na TNA 2013, na 2017 akatumia Jubilee, iliyozaliwa Kasarani Septemba 2016 baada ya TNA, URP na vyama vingine kujivunja. Ruto akisimama na UDA 2027 na ashinde, atakuwa wa kwanza kuvunja hiyo desturi. Na UDA yenyewe ilikuwa inaitwa PDR kabla ipakwe rangi mpya na kupewa wilbaro.

Kama hata washindi wanatupa vyama, aliyeshindwa atakibeba wa nini?

Lakini si lazima iwe hivyo, na hatuhitaji kwenda mbali kuona mfano. Pale Malawi, Malawi Congress Party ilikuwa KANU yao: chama cha uhuru, chama kimoja, mzee mmoja juu, kadi za lazima. Kamuzu Banda alishindwa 1994. Hicho chama kilikaa nje ya Ikulu miaka 26. Hakikubadilisha jina. Kilishindwa uchaguzi baada ya uchaguzi lakini kiliweka ngome yake ya eneo la kati, kikaendelea kusimamisha wabunge, kikachukua kiongozi mpya 2013, mhubiri anaitwa Lazarus Chakwera ambaye hakuwa na doa la zamani, na 2020 kikaingia ndani kwa muungano. Mwaka wa 2025 kikapigwa tena. Sawa, lakini kipo. UNIP ya Kaunda kule Zambia ilishindwa 1991 na haikupona. Kwa hivyo chama cha aina moja kinaweza kufa au kupona, inategemea kama watu wake walikubali kukaa njaa pamoja.

Chungwa na wanaume wa suti nyeusi

Sasa ODM. Hii ndio chama cha maana pekee hapa kwetu kilichopigwa mara nyingi na kikarudi kila mara na jina lile lile. Ilichapwa 2013. 2017 korti ikafuta kura, Raila akasusia marudio. Ikachapwa tena 2022, asilimia 48.85 kwa 50.49. Na kila mara, uchaguzi unaofuata, chungwa lilikuwa bado liko kwa karatasi ya kura.

Ukitaka kujua kwa nini, angalia ilivyozaliwa. Haikuanza Ikulu. Ilianza kwa kura ya maamuzi ya 2005, ambapo tume ilipatia upande wa Ndio alama ya ndizi na upande wa La alama ya chungwa. Watu walivaa chungwa wakiwa wanakataa kitu. Halafu 2007 damu ikamwagika. Ukimwambia mtu wa Kibera au Kisumu atoke ODM, humwambii abadilishe tishati. Unamwambia asahau watu aliozika. Huo uaminifu hauwezi kununuliwa stejini kama kadi ya 1985.

Lakini uaminifu wa namna hiyo una shida yake, na shida yake ilionekana wazi 28 Februari 2014. Baada ya kupigwa 2013, ODM ilifanya kitu cha maana: iliita wajumbe Kasarani wachague viongozi upya. Vijana kama Ababu Namwamba walikuwa wamejitokeza, wanataka kushika ukatibu mkuu. Mkutano ukiendelea, wakaingia wanaume wamevaa suti nyeusi, wakapindua masanduku ya kura na kufukuza watu. Uchaguzi ukaishia hapo. Nani aliwatuma? Kila kambi ilinyoosha kidole kwa nyingine. Baadaye viongozi walipatikana kwa makubaliano ya wakubwa, na Ababu hakudumu: 2016 akatoka kabisa, na 2017 akapoteza kiti chake cha Budalang'i.

Mimi naona hiyo siku ndio ODM ilichagua itakavyoishi. Ingeweza kujenga chama kinachoamua mambo kwa kura ya wajumbe. Ikachagua kubaki chama cha mtu mmoja mkubwa anayependwa. Ilifanya kazi, siwezi kukataa. Baba alikuwa na uwezo wa kusema neno moja Bondo na likaskika Mombasa. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anaishi milele.

Na hapa ndipo swali la uaminifu linachanganya kichwa. Mwanzoni mwa 2023, wabunge kadhaa wa ODM, Jalang'o wa Lang'ata akiwemo, walienda Ikulu kumwona Ruto. Wakaitwa wasaliti. Wakazomewa, wakatishwa, na Septemba chama kikatangaza kuwafurusha. Miezi hiyo hiyo vijana walikuwa barabarani na Azimio, wengine wakipigwa risasi, kwa sababu walikuwa wanaamini wanafuata chama. Kisha Julai 2024, Mbadi akaenda Hazina, Joho akapewa Madini, Oparanya Ushirika, Wandayi Kawi. Na 7 Machi 2025 Raila na Ruto wakatia saini mkataba KICC, mbele ya kamera. Ndio, KICC, pale pale jogoo alipofukuzwa. Nairobi haijawahi kukosa vichekesho.

Sasa msaliti alikuwa nani? Jalang'o alifanya peke yake kitu ambacho chama kilikuja kufanya kwa saini. Ukiuliza wafuasi sugu, watakuambia tofauti ni kwamba Baba ndiye aliyesema. Hilo jibu ni la kweli, na ndilo linatisha. Linamaanisha uaminifu haukuwa kwa chungwa. Ulikuwa kwa mtu, na 15 Oktoba 2025 huyo mtu akatuaga akiwa India. Kesho yake kakake, Oburu Oginga, akapewa kukaimu uongozi. Wale wanaotaka kukaa ndani ya serikali jumuishi na wale wanaotaka chama kirudi upinzani hawana tena mtu wa kuwanyamazisha kwa neno moja. Inabidi wahesabiane kura. Kazi ile ya Kasarani 2014 imerudi, mara hii bila mwenye nyumba.

Doh inatoka wapi?

Nitapita hapa haraka kwa sababu inachosha, lakini bila hii hutaelewa kwa nini watu wanapigania hata chama kilichopigwa.

Kuna hazina ya vyama vya kisiasa. Sheria inasema iwe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, ingawa vyama vimelia miaka yote kwamba Hazina Kuu hutoa chini ya hapo. Asilimia 70 hugawanywa kulingana na kura ambazo wagombea wote wa chama walipata kwa uchaguzi mkuu uliopita. Inayobaki inategemea mambo kama idadi ya viongozi waliochaguliwa, wakiwemo wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Maana yake ni hii: kura unayompa MCA wa mtaa wako inageuka chapaa ya chama kwa miaka mitano, hata kama mgombea urais wao ameramba sakafu. Ndiyo maana baada ya 2022 Jubilee iligawanyika kambi mbili, ya Kioni kwa huku na ya Kanini Kega kwa kule, wakivutana ofisi. Mei 2023 Uhuru mwenyewe ilibidi aite wajumbe Ngong Racecourse. Chama kilichokuwa na bunge nzima 2017 kilikuwa kinapigania funguo.

Na wewe uko chama gani?

Najua wengi mtasema hamna chama. Juni 2024 tulisema hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi, na Juni 25 nchi ilituskia. Lakini sikia hii.

Mwaka wa 2021 Msajili wa Vyama alifungua huduma kwa eCitizen ya mtu kuangalia kama ameandikishwa chamani. Wakenya wakaingia kucheki, na mtandao ukawaka: watu walikuwa wameandikishwa kwa vyama ambavyo hawajawahi hata kuvisikia. Mimi nilijipata kwa chama ambacho nilikuwa nimekiona tu kwa bango moja la ukuta, na sikukumbuka kumpa mtu yeyote kitambulisho changu. Sababu ya huo mchezo ni rahisi: kusajiliwa kikamilifu, chama kinahitaji wanachama angalau 1,000 kwa kila kaunti katika zaidi ya nusu ya kaunti zote. Hiyo ni kazi ya miguu. Kuna wanaoifanya, na kuna wanaotafuta orodha ya namba za vitambulisho.

Unaweza kusema basi, jina likae huko, halinidhuru. Litakudhuru ukitaka kuwania. Katiba, kifungu cha 85, inasema mgombea huru lazima awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwa hivyo yule kijana wenu wa mtaa mnayempangia kiti cha MCA 2027 bila chama anaweza kukwama kwa sababu ya kadi ambayo hakuichukua. Na akiamua kutumia chama, atapata hii mizozo yote niliyoandika hapa juu, kuanzia mchujo. Sheria nayo inasema ukijiunga na chama kingine au ukikipigia debe unahesabiwa kuwa umetoka kwa chako, na mbunge wa namna hiyo anaweza kupoteza kiti. Kwenye karatasi. Wale wa ODM waliofurushwa 2023 walikimbilia Jopo la Mizozo ya Vyama na wakabaki na viti vyao.

Wiki jana nilikaa na wasee watano wa base tukaingia eCitizen mmoja mmoja, simu ikizunguka kama chapo. Wawili walikuwa safi. Wawili walijipata kwa chama kimoja, na hakuna aliyewahi kwenda mkutano wake. Wa tano, jamaa wa boda wa miaka 34, alikuwa ODM na alijua, alijiandikisha mwenyewe. Tukamuuliza kama atatoka sasa mzee ameenda. Akawasha pikipiki, akasema anangoja kuona kama safari hii watapiga kura Kasarani au watapindua masanduku tena.